Nywele za Ndimu Ndani ya Eda

Kichwa changu hakijawahi kuguswa na rangi ya dukani. Naanza na hilo kwa sababu najua wapo watakaosoma haya na kusema, "Ah, kumbe ni yule," na baadhi yao walikula pilau yangu huku wakinisengenya. Semeni mtakalo. Nywele zangu zilikuwa za kahawia kwa ndimu, jua na mafuta ya nazi. Nilizifanya hivyo mwenyewe, uani kwangu, hapa Msambweni, kwa sababu nilizipenda. Sikumwibia mtu.

Wala mwanzo wake haukuwa urembo. Ulikuwa ni mba. Nilikuwa nafanya kazi ya kufua katika hoteli moja ya Diani, kutwa nzima katikati ya mvuke wa mashuka na taulo, kichwa kimefungwa kitambaa. Kichwa kikawa kinaniwasha hadi natamani kujikuna kwa uma. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, dawa yake ya mba ilikuwa moja tu: kamua ndimu, paka, kaa juani mpaka ikauke, kisha osha. Nikafanya hivyo kila Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Mba ikaisha. Nikaendelea, maana kichwa kilikuwa chepesi. Baada ya miezi kadhaa nikawa nachana nywele mchana, mlango wa uani uko wazi, mume wangu akaacha kikombe chake cha chai akaja kunitazama kwa karibu.

"Wewe! Mbona kichwa kimekuwa ndevu za mahindi?"

"Ni mbaya?"

"Nani kasema ni mbaya? Geuka nione nyuma."

Nikageuka. Basi, toka siku ile haikuwa dawa tena. Ilikuwa ni kazi yangu ya Jumamosi, na niliifanya kwa makusudi.

Nilikosea kwanza, nisiseme uongo. Ndimu ikikauka juu ya ngozi palipo na jua, huchoma. Mara ya tatu au ya nne ilinichuruzika kwenye paji la uso nikapuuza, na kesho yake nikaamka na doa jeusi juu ya jicho, likakaa mpaka Ramadhani ikaja ikapita. Kazini wakaniuliza kama nyumbani napigwa. Baada ya hapo nikashika adabu. Kwanza mafuta ya nazi kwenye paji, masikioni na shingoni. Halafu ndimu tatu zilizochujwa mbegu, zikachanganywa na kikombe cha maji, nikapitisha kwa kitana kuanzia shinani hadi nchani. Kisha nalipa jua mgongo kuanzia saa nne hadi adhana ya adhuhuri inapokaribia. Mwisho naosha, nalainisha kwa tui zito, kwa sababu ndimu hukausha nywele, ukizembea zinakuwa makumbi ya nazi. Hakuna siri nyingine. Ni subira tu, kwani rangi yenyewe huja polepole, Jumamosi kwa Jumamosi, na mwenye haraka aende saluni.

Miaka sita nilifanya hivyo, na hakuna aliyejua ila mume wangu. Sikuficha. Nje navaa buibui na mtandio, nyumbani wakija watu najitupia leso kichwani, ndivyo nilivyolelewa. Nywele za mke ni za nyumbani kwake. Nilikuwa naulizwa na nani?

Jumamosi moja nikapaka ndimu kama kawaida. Jumatatu yake asubuhi mume wangu akaanguka karakanani kwake. Alikuwa seremala, na ubao wa kitanda cha watu aliokuwa akiupiga randa ulibaki pale pale na maranda yake. Kabla ya alasiri alikuwa ameshatutoka. Sitasimulia siku ile. Ilikuwa yangu na yake.

Nikaingia eda. Kwetu mjane Mwislamu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajitii manukato, hajipaki hina wala wanja, havai nguo za kupendeza. Wengine hulalamika kwamba ni kifungo. Mie sikulalamika. Nilikuwa sitaki kwenda popote wala kumpendezea mtu. Nywele nikazisuka mabutu manne kwa mikono yangu mwenyewe, nikazifunga leso kuukuu, ndimu za mti wangu wa uani zikaoza zikaanguka.

Waliokuja kukaa na mimi walikuwa wawili, wote kutoka Majoreni: mama mkwe na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mama alikuwa haoni tena. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akibagua mwanga na kivuli tu, na alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani. Wifi alikuwa kinyume chake. Ndiye aliyempakata mume wangu alipokuwa mchanga, akampeleka shule kwa mara ya kwanza amemshika mkono. Hilo nalijua na nalitia hesabuni. Lakini mdomo wake, mashallah, haukuwa na mlango.

Mwezi wa tatu wa eda, siku ya Ijumaa, nikaketi uani kufumua mabutu ili nioshe kichwa. Wifi akatokea bila ya hodi, amebeba ndoo. Akasimama.

"Ala! Wifi, hicho kichwa?"

"Kina nini?"

"Kina rangi! Kaburi la ndugu yangu halijakauka, na wewe umeshatia rangi?"

Nikamweleza. Ndimu, jua, Jumamosi, miaka sita. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Ndimu mie natilia samaki," akasema. "Sijaona samaki akawa Mzungu."

Ningekuwa na moyo wa kucheka siku ile ningecheka. Nikainamisha kichwa nikamwonyesha. "Tazama shinani. Nyeusi. Tangu ndugu yako afe sijapaka kitu, ndiyo maana zinaota nyeusi. Ningekuwa napaka, si hiyo kahawia ingefika hadi kwenye ngozi?"

"Hiyo ndiyo mitindo yenyewe! Wasichana wa Ukunda wote hivyo, shina jeusi, ncha za shaba. Unadhani sisi wa Majoreni hatuna simu?"

Hapo akanikamata, kwa kuwa ni kweli. Mtindo huo upo, na watu wanaulipia. Ushahidi wangu mmoja niliokuwa nao akaugeuza kuwa kosa.

Kufikia Jumatatu maneno yalikuwa yameshatoka nje ya ua. Majirani waliokuja kunipa pole wakawa wananisalimu usoni, macho yakiwa juu ya leso. Mmoja aliniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama kazi ya hotelini nitairudia mapema, maana "huko Diani watakuwa wamekukumbuka." Nilielewa. Eti nina mtu. Eti najitayarishia mtu nikiwa ndani ya eda ya mume wangu, ndani ya chumba alichonijengea. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hilo lilikuwa limechaguliwa likachagulika.

Nisingejali. Wallahi nisingejali, nimeishi na midomo ya watu tangu nikiwa msichana. Kilichonila ndani ni Mama. Kila asubuhi nilikuwa nampelekea uji, napiga magoti, "Shikamoo Mama." Zamani alikuwa akiitikia na kunipapasa uso, anauliza nimelalaje. Sasa alikuwa anaitikia "Marahaba," basi. Anapokea bakuli, anageukia ukutani. Mwanawe pekee wa kiume alikuwa chini ya mchanga, na labda aliamini kwamba mke wa mwanawe alikuwa anajipodoa juu ya msiba wake. Mama yule alikuwa mzee. Ningeweza kuishi na uongo wa majirani wote wa Msambweni, ila si yeye afe akiwa ameuamini. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani wakati ule.

Pamoja na kulitaka kote huko, sikwenda kumwambia. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa nalikubali. Kiburi kilinijaa hadi kooni. Nikajiambia, kama mwanawe hakumwambia mie ni mtu wa namna gani, sitakwenda kujieleza kama mwizi. Nikawa nampelekea uji, naye anageukia ukutani, na mimi natoka nimenyanyua kidevu. Wiki nzima nzima hivyo.

Siku moja kabla ya eda kwisha, wifi aliingia chumbani akafunga mlango. Mkononi alikuwa na bakuli la plastiki, mswaki wa zamani na jozi ya glavu. Ndani ya bakuli mlikuwa na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ya harusini, ambayo wenye mvi pia hujipaka. Ilikuwa imeshachanganywa tayari, inanuka.

"Kesho wanakuja watu," akasema kwa sauti ya chini. "Wengine wanatoka Matuga, wengine Vanga. Utafunuliwa kichwa uoshwe mbele ya wanawake wote. Sisi tutaweka wapi nyuso zetu? Keti nikupake. Dakika arubaini tu, ziwe nyeusi, yaishe."

Nikamtazama. Nikaona kwamba hakuja kunichokoza. Alikuwa ameona aibu kwelikweli, na kwa akili yake alikuwa ananisitiri.

"Wifi," nikamwambia, "leo mimi niko eda au nimetoka?"

"Uko eda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho asubuhi."

"Na aliye ndani ya eda anaruhusiwa piko?"

Akaanza kukoroga bakuli kwa mswaki.

"Nijibu. Anaruhusiwa?"

"Hii si ya kujipamba. Hii ni ya kufuta."

"Yaani miezi minne sijagusa hata mafuta ya kunukia. Sabuni nimetumia ya kufulia. Leo, imebaki siku moja, unataka niivunje eda ya ndugu yako ili watu waone kwamba sijaivunja?"

"Usinipigie kelele!"

"Nitapiga! Na hicho kichwa chako wewe, cheusi ti kama chungu cha mkaani, na umri huo, ulizaliwa nacho?"

Akaanza kulia. "Mimi nimefiwa na ndugu yangu!"

"Na mimi nimefiwa na nani? Na jirani?"

Hapo tulikuwa tumefika mahali pabaya. Akafuta uso kwa ncha ya leso. Aliposema tena sauti ilikuwa kavu. "Kama hutaki piko, kata. Mkasi uko. Ukikataa hilo nalo, sisi wa kwa mumeo hatutakuosha. Utajitoa eda mwenyewe, na watu wajue kwa nini."

"Mkasi usiuguse," nikamwambia. "Nitajitoa." Nikalichukua bakuli kutoka mkononi mwake, nikatoka nalo, nikalimwaga chooni, nikalisuuza, nikamrudishia likiwa safi.

Usinifikirie kuwa nilikuwa jasiri. Nilikaa kitandani nikihesabu hasara. Kutoka eda bila ya watu wa mume wako ni jambo ambalo wanao, ukijaaliwa, na wana wa ndugu zako wataulizwa siku ya posa. Nilijua ninachokikataa. Lakini kila nikiufikiria ule mswaki ukipita kichwani mwangu, nikaona mume wangu ananyimwa haki yake ya mwisho kwangu kwa sababu ya wageni wa pilau. Hapana. Hata kidogo.

Asubuhi wanawake wakajaa uani. Mikeka ikatandikwa, maji ya uvuguvugu yakawekwa ndani ya beseni, nguo mpya zikawekwa juu ya sinia pamoja na udi ambao haujawashwa. Mie nikatoka chumbani peke yangu, nikaketi juu ya kigoda katikati yao. Kwa kawaida ni watu wa mume wanaokuja kukuvua leso. Hakuja mtu. Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni anatazama sakafu. Wageni wakaanza kutazamana.

Basi nikaivua mwenyewe. Nikafumua mabutu moja baada ya jingine, bila ya haraka, nikazikung'uta zikasimama kichwa kizima, kahawia yake yote ikapigwa na jua la saa mbili.

"Hizi hapa," nikasema. "Mlizisikia, leo mmeziona. Ni ndimu. Mume wangu alizijua na alizipenda. Tangu alipokufa sijazigusa kwa kitu, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Anayetaka kuniosha anioshe. Asiyetaka, maji yapo na mikono ninayo."

Kuku alipita katikati ya mikeka na hakuna aliyemfukuza. Nikainama kuchukua kata ya kuchotea maji.

"Nipelekeni kwa mke wa mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka barazani. Mtu akamshika mkono akamleta. Akaagiza mkeka uwekwe nyuma yangu na kigoda kiondolewe, akaketi, akanivuta chini mpaka nikawa katikati ya magoti yake, kama mtoto anayesukwa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwanamke yule, kabla ya macho kuzima, alikuwa msusi. Maharusi wa Majoreni hadi Vanga walipita katikati ya magoti yale.

"Mama," nikaanza, "si rangi..."

"Rangi mie siioni. Tulia."

Vidole vyake vikaingia. Akashika fungu la nywele nyuma ya sikio, akaanza nchani, akilisugua baina ya kidole gumba na cha shahada.

"Wiki zote hizi mnagombana juu ya rangi mbele ya kipofu," akasema, na sasa hakuwa anasema na mimi peke yangu. "Huyu anasema nyeusi, huyu anasema shaba. Hakuna aliyeniletea kichwa. Nami nikasema, asiyetaka niguse ana lake. Nikamnunia."

Moyo ukanipasuka. Kumbe alikuwa ananingoja. Kila asubuhi niliyotoka kwake nimenyanyua kidevu, alikuwa ananingoja niiname.

"Ncha kavu sana," akasema. "Hapa kati kavu, lakini si kama nchani. Hii ni kazi ya miaka. Ya dukani hukausha zote sawa kwa siku moja, nimewasuka wengi waliojipaka." Akahama. Akaanza upya kwenye ngozi ya kichwa, akipanda polepole. "Hapa laini. Laini. Bado laini." Kisha vidole vikasimama. Akajaribu fungu jingine, upande wa pili, akasimama mahali pale pale. Akajaribu utosini. Akaweka vidole vyake kukingamia, akipima kutoka kwenye ngozi: viwili, na nusu ya tatu.

Akamwita binti yake kwa jina lake la utotoni. Wifi akaja, akapiga magoti juu ya mkeka. Mama akautafuta mkono wake hewani, akaupata, akauleta kichwani mwangu, akakiweka kidole chake pale ulaini unapokwisha.

"Wapahisi?"

"Napahisi, Mama."

"Hapo ndipo alipokufa ndugu yako."

Wifi akaanguka begani kwangu. Sikumwona, nilihisi uzito wake tu na machozi yakipita kwenye kanga. Mama hakuwa amelia siku ya maziko. Watu wote walilisema hilo, kwamba mzee yule ana moyo wa jiwe. Sasa nilisikia pumzi zake zikikatika juu ya kichwa changu, na vidole vyake havikuiacha ile nukta, viliishika kwa nguvu hadi ngozi ikavutika.

Maji kwenye beseni yakaanza kupoa. Bibi mmoja wa Matuga, kwa nia njema, akasogea na kata akasema jua linapanda, tumwoshe mjane yaishe. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kupinda. Nikamwambia, bila ya kuinua kichwa, aiweke kata chini, haoshwi mtu hapa mpaka Mama amalize.